Unalipa leo, hadithi itaisha lini?

Mu nyumba za michezo za Kolwezi, toka Manika mpaka Dilala, kelele kubwa iko ya mpira. Vijana wawili wanashika maneti, wengine wanangojea zamu, na mwenye kufungwa anasimama. Leo hatutaongea juu ya mpira. Tutaongea juu ya aina nyingine ya mchezo wa ordinatere na telefone, ile ambayo wapenzi wake hawapigi kelele lakini wanaweza kubishana saa nzima: mchezo wa safari na mafumbo. Mu huo mchezo hakuna goli. Kuna mtu mmoja, mahali asipopajua, vitu vichache mu mfuko wake, na milango iliyofungwa. Unatafuta, unauliza watu, unajaribu kitu hiki na kile, mpaka mlango unafunguka na hadithi inaendelea.

Wapenzi wa hiyo michezo duniani kote wako na mabishano mawili ya zamani. La kwanza: je, mchezo mzuri ni ule unaokuua ukikosea, ao ule unaokusamehe? La pili njo linagusa mfuko: je, ni vizuri kulipa hadithi ambayo haijaisha, inayotolewa kipande kipande, leo kimoja, kingine nyuma ya miezi mitatu, na pengine cha mwisho hakiji kabisa?

Msomaji wetu anayerudi ku kazi na vumbi ku viatu atauliza: ile maneno inatuhusu nini, sisi watu wa shaba na kobalti? Inatuhusu kuliko vile tunawaza. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo ulizaliwa chini ya udongo. Mmoja wa michezo mizuri zaidi iliyotolewa kwa vipande unasimulia mgodi na deni. Na ile hali ya kupewa nusu na kungojea nusu nyingine, familia nyingi za Kolwezi zinaijua bila kucheza mchezo wowote.

Taa, pango na batri

Mu miaka ya 1975 na 1976, Mmarekani mmoja, Will Crowther, alikuwa anatumika mu sosiete ya BBN, ile iliyosaidia kujenga mtandao uliozaa intaneti. Siku za mapumziko alikuwa anaingia mu mapango. Yeye na bibi yake, Patricia, walisaidia kuchora ramani za pango la Mammoth, mu jimbo la Kentucky, ambalo njo pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Patricia alikuwa mu kikundi kilichopata, mu mwezi wa Septemba 1972, njia ya chini inayounganisha pango hilo na mapango ya Flint Ridge.

Nyuma ya ndoa yao kuvunjika, Crowther aliandika programu kwa ajili ya binti zake wawili. Ordinatere inakuandikia mahali ulipo; wewe unaandika neno moja ao mawili, sawa vile «shika taa» ao «enda kusini», na yenyewe inakujibu. Hakukuwa picha hata moja. Mu 1977 Don Woods, wa chuo kikuu cha Stanford, aliupata mchezo huo, akamuomba Crowther ruhusa, akauongeza. Watu waliuita Adventure, ao Colossal Cave, na aina nzima ya michezo ikachukua jina lake.

Mtu aliyekwisha kushuka mu shimo ataelewa ule mchezo mbio kuliko mwanafunzi wa Stanford. Kitu cha kwanza cha kushika ni taa. Bila taa, ukitembea mu giza, unaanguka mu shimo na unavunjika mifupa. Taa yenyewe iko na batri, na batri inaisha. Mu sehemu moja ya pango, kati ya njia nyingi za kupotezana, kuna mashini inayouzisha batri mpya. Lakini inataka feza za chuma, na feza zile ni sehemu ya mali ambayo ulikuja kutafuta. Basi unachagua: mwanga ao mali. Na mu zile njia zinazofanana, wachezaji walijifunza kuacha kitu chini ku kila kona, ili wajue kama wamekwisha kupita hapo. Mzee yeyote wa galeri atacheka akisikia hivyo. Hiyo njo akili ya kila siku ya mtu anayetumika chini.

Kufa ao kusamehewa

Nyuma ya Colossal Cave, michezo mingine ilifuata. Vijana wa chuo cha MIT waliandika Zork, nayo hadithi ya ufalme wa chini ya udongo, na sosiete yao Infocom ikaanza kuuzisha mu 1980. Mwaka ule ule, Roberta Williams na bwana yake Ken walitoa Mystery House, mchezo wa kwanza wa aina hiyo wenye picha. Sosiete yao, Sierra, ilitoa King's Quest mu 1984: sasa mchezaji alimuona mtu wake anatembea mu pori na mu majumba ya wafalme.

Lakini Sierra ilikuwa na ukali wake. Mtu wako aliweza kufa ku kila hatua: kuanguka ku ngazi, kuzama mu maji, kuliwa na nyama. Mbaya zaidi, uliweza kusahau kitu kidogo ku mwanzo, ukacheza siku nyingi, kisha ukafika ku mwisho na kujua kama bila kile kitu hauwezi kupita. Hakuna anayekuambia. Unarudia yote toka mwanzo.

Mu 1989 Ron Gilbert, aliyekuwa anatumika ku sosiete ya LucasArts, aliandika maneno makali dhidi ya desturi hiyo. Alisema mchezaji asifungiwe njia bila kujua, na asilazimishwe kufa ili ajifunze. Mu 1990 alitoa The Secret of Monkey Island, hadithi ya kijana anayetaka kuwa mwizi wa baharini. Mule ndani, karibu hauwezi kufa. Unakosea, unachekwa, unajaribu tena.

Toka siku ile wapenzi waligawanyika. Wamoja wanasema bila hatari hakuna furaha: mtu asiyeogopa kuanguka hatazami vizuri mahali anakanyaga. Wengine wanajibu kama kifo cha kila dakika kinafundisha woga tu, hakifundishi akili. Sisi tunaona pande zote mbili ziko na sababu, lakini kwa watu wetu kuna neno la kuongeza. Mtu ambaye mchana wake wote unategemea udongo usianguke, akirudi ku nyumba jioni, hana lazima ya kufa tena mu telefone. Mchezo unaomuacha akosee na kujaribu mara ya pili unampa kitu ambacho shimo halimpi.

Kwa wanaosoma Kifaransa, mlango mzuri ni Syberia, wa mwaka 2002. Uliwazwa na Benoît Sokal, mchoraji wa hadithi za picha kutoka Ubelgiji, aliyefariki mu 2021. Mule kuna mwanasheria wa New York, Kate Walker, anayetumwa mu kijiji cha milima ya Ufaransa ili kutiisha sinyatiri ku karatasi za kuuzisha kiwanda cha zamani kwa sosiete kubwa ya kigeni. Akifika, anakuta mwenye kiwanda amekufa, na kuna mrithi ambaye hakuna aliyemtazamia. Karatasi haziwezi kutiwa sinyatiri mpaka mrithi apatikane. Watu wa hapa, waliokwisha kuona viwanda na migodi vikibadilisha wenyewe kwa karatasi zilizotiwa sinyatiri mbali, watajua mbio huyo mwanasheria anaingia mu maneno gani. Hata hadithi ile ilikatwa mu mbili: walionunua ya kwanza walingojea mpaka 2004 ili wapate ya pili.

Desturi ya kungojea

Kungojea kipande cha mbele si kitu kipya kwetu. Wazazi wetu walingojea ku redio, kisha ku televisheni, michezo ya Mufwankolo na kikundi chake cha Lubumbashi, mu Kiswahili chetu hiki hiki. Gazeti Mwana Shaba, lililoanza mu 1957 kwa watumishi wa Union Minière na kuendelea mu siku za Gécamines, lilikuwa na ndugu yake mdogo kwa vijana, Mwana Shaba Junior, lenye hadithi za picha. Na leo, mu nyumba nyingi, saa ya sinema za mfululizo ikifika, chakula kinangojea.

Utamu wa kipande kipande uko ku katikati. Kati ya kipande kimoja na kingine, watu wanaongea: nani alidanganya, nani atakufa, yule mwanamke alikuwa mu barabara juu ya nini. Hadithi ambayo unaimaliza usiku mmoja unaimaliza peke yako. Ile ya kungojea mnaimaliza pamoja.

Wenye kutengeneza michezo walielewa hivyo. Mu 2004 LucasArts ilikatiza kazi ya mchezo wa Sam & Max ambao wapenzi walikuwa wanaungojea sana. Baadhi ya watu waliotoka mule walianzisha mwaka ule ule sosiete ya Telltale, mu California. Mu 2006 walianza kumtoa Sam, imbwa mwenye kofia, na Max, sungura mkali, kwa vipande sita, karibu kimoja kwa mwezi. Kipande kimoja kiliuzishwa karibu dola 9. Mtu aliweza kununua kimoja, kuonja, na kuacha kama hakupenda. Watengenezaji nao walipata feza kidogo kidogo na kusikia wapenzi wanasema nini mbele ya kutengeneza kinachofuata. Mu 2009 walirudisha Monkey Island kwa vipande vitano. Mu 2012 walitoa The Walking Dead, vitano tena, kati ya mwezi wa Aprili na Novemba, hadithi ya mtu aliyekuwa ku njia ya gereza anayelinda mtoto mwanamke, Clementine, asiye wake. Mu mchezo huo mafumbo yalikuwa machache. Uzito ulikuwa ku kuchagua. Watu wazima walilia.

Ufaransa nayo iliingia. Sosiete ya Dontnod, ya Paris, ilitoa Life is Strange kwa vipande vitano mu 2015, toka Januari mpaka Oktoba. Wapenzi walipata miezi yote ya kubishana juu ya mwisho.

Siku kipande hakikuja

Sasa tufike ku upande wa maumivu. Sosiete ya Valve ilitoa Half-Life 2: Episode One mu 2006 na Episode Two mu 2007. Hadithi ilikatika ku kilio, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kulala. Kipande cha tatu kilikuwa kimetangazwa. Hakikutoka. Mu 2017 mwandishi wake, Marc Laidlaw, ambaye alikuwa amekwisha kuacha kazi, alitoa ku intaneti maandishi ya hadithi yenye majina yaliyobadilishwa, na wapenzi wakaelewa kama ndiyo mwisho uliokuwa umewazwa. Walikuwa wamengojea miaka kumi, na walipata karatasi.

Lakini ile ya Telltale njo inatufundisha zaidi. Mu 2018 ilianza kutoa sehemu ya mwisho ya hadithi ya Clementine, vipande vinne. Watu wengi walilipa vyote vinne siku ya kwanza. Tarehe 21 Septemba 2018, sosiete iliita watumishi wake na kuwafukuza karibu 250, ikabakisha karibu 25. Waliofukuzwa hawakupewa feza ya kuachisha kazi. Mmoja wao alishtaki sosiete, akisema sheria ya Marekani inadai watumishi wajulishwe siku 60 mbele ya kufukuzwa kwa wingi. Siku nne nyuma ya habari hiyo kipande cha pili kilitoka. Kisha kimya.

Hapo wapenzi walibishana kuliko siku zote. Wamoja walisema: tumelipa vinne, tunadai vinne, mtu akiuzisha kitu, akitoe. Wengine walijibu: mbele ya kudai mwisho wa hadithi, ulizeni kwanza wale walioitengeneza watakula nini mwezi huu; haifai kumaliza mchezo kwa jasho la watu wasiolipwa. Mwishowe sosiete ya Skybound, ya Robert Kirkman, aliyeandika hadithi za picha za The Walking Dead, ilichukua kazi, ikaita baadhi ya wale waliofukuzwa, na vipande viwili vya mwisho vikatoka mu Januari na Machi 2019. Hadithi iliisha. Watumishi wengi hawakurudi.

Mu Kolwezi hatuna haja ya mtu kutufasiria. Gécamines ilikuwa inatoa karibu toni 470 000 za shaba kwa mwaka mu katikati ya miaka ya 1980. Mu mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ilianguka. Mu 1994 sosiete nzima haikufikia toni 40 000. Mishahara ilikuwa inakuja nusu, ao haikuja. Kisha mu 2003 na 2004 ikaja Opération Départs Volontaires, iliyolipwa kwa msaada wa Banque mondiale: karibu watumishi 10 000 waliacha kazi na kupewa feza ya mara moja. Wengi wao walisema, na wanasema mpaka leo, kama ile feza haikufikia haki yao.

Hatusemi kama mambo haya mawili yako na uzito mmoja. Mwenye kununua mchezo alipoteza dola chache na usingizi. Baba wa familia alipoteza masomo ya batoto. Lakini swali ni moja: mtu anayeahidi vipande vinne na kulipwa vyote, nani anamshika siku anafunga mlango ku kipande cha pili? Na tukidai haki yetu sisi wanunuzi, tunamkumbuka yule aliyetumika? Wale wapenzi waliosema «watumishi kwanza» walikuwa na sauti ambayo tungependa kuisikia pia siku watu wa mbali wananunua betri iliyo na kobalti yetu.

Mgodi wa Elkhorn

Kuna mchezo mmoja ambao tungependa kila familia ya mchimbaji ijue jina lake: Kentucky Route Zero. Uko mu jimbo lile lile la pango la Crowther, na unamkumbuka waziwazi yule mzee wa Colossal Cave. Watu watatu wa kikundi cha Cardboard Computer waliutoa kwa vipande vitano: cha kwanza Januari 2013, cha pili Mei ya mwaka ule, cha tatu Mei 2014, cha nne Julai 2016, cha tano Januari 2020. Miaka saba. Waliolipa ku mwanzo walipata vyote bila kuongeza dola, na mu katikati ya vipande watengenezaji walikuwa wanatoa vingine vidogo bure. Wapenzi walinung'unika, lakini wachache walisema waliibiwa.

Mtu mkubwa wa hadithi ni Conway, dereva mzee wa duka la vitu vya zamani, ambaye anapeleka mzigo wa mwisho ku anwani ambayo hakuna anayeijua. Njia inapita chini ya udongo. Anakutana na Shannon Márquez, mwanamke anayetengeneza televisheni. Wanaingia pamoja mu mgodi wa Elkhorn, ambao ulifungwa nyuma ya maji kuingia na kuua wachimbaji. Mule mawe yanaanguka na kuumiza mguu wa Conway.

Sasa sikiliza inavyofuata. Daktari anamtibu mguu vizuri. Kisha inakuja fatira, na Conway hana feza. Deni lile linakua, linapita mu mikono ya watu asiowajua, na mguu wake unaonekana sawa mguu wa mifupa unaong'aa. Wale anaowakuta ku kiwanda cha pombe cha chini ya udongo, nao ni mifupa inayotembea: watumishi wanaolipa deni lisiloisha. Wanamuita aje kutumika. Hatutaandika vile anajibu; mwenye kutaka atacheza.

Hakuna jini mu hadithi hiyo, hakuna bunduki. Kuna fatira tu. Mtu wa hapa anayekopa feza kwa mwenye kulipia chakula, kamba na pampu mbele ya shimo kutoa jiwe hata moja, kisha analazimishwa kuuzisha kwa huyo huyo, anajua ile mifupa inang'aa namna gani. Njo maana tunasema mchezo si wa batoto tu.

Kwa mwenye telefone ya zamani

Tunajua maulizo ya nyumba: kuran inakatika, mega ni za bei, telefone ni ya zamani. Hapo michezo ya kale inashinda ile mipya. Toka 2001 kuna programu ya bure inayoitwa ScummVM, inayofufua michezo ya zamani ku ordinatere na ku telefone za Android. Ku mahali pake pa intaneti kuna michezo ambayo wenyewe waliitoa bure kabisa, kwa hiyo hauibie mtu. Mmoja ni Beneath a Steel Sky, wa 1994, uliotolewa bure mu 2003: mji wa viwanda ambamo maskini wanaishi juu mu moshi na matajiri wanaishi chini ambako hewa ni safi. Haufikii mega 100. Mwingine ni Flight of the Amazon Queen, wa 1995, safari ya kuchekesha yenye toleo la Kifaransa. Ukishusha mara moja, unaucheza bila intaneti, na ndugu anaweza kuuchukua ku karte yake.

Kwa mwenye kutaka kulipa, tunatoa mashauri manne. Ulize kwanza vipande vingapi vimekwisha kutoka, si vingapi vimeahidiwa. Kama mchezo umekwisha kumalizika, kungoja miezi kidogo kunapunguza bei. Usimuachie mtoto karte ya benki ao kodi ya kulipa ku telefone, maana michezo mingi ya leo inajiita ya bure kisha inakula mega na dola mule ndani. Na cheza pamoja: mmoja anashika, mwingine anasoma, mama anasema yule mzee anadanganya, mtoto anatafsiri neno la Kifaransa. Mafumbo hayataki vidole vya mbio. Mara nyingi bibi wa nyumba anayetazama tu njo anapata ufunguo.

Na hadithi yetu?

Kobalti zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Congo, na nyingi ya hiyo inatoka Lualaba. Iko mu batri za telefone na za michezo ya kushika mu mikono. Lakini sisi wenyewe tunaonekana mu michezo mara chache, na mara nyingi vibaya. Mu 2011 kikundi cha Molleindustria kilitoa Phone Story, mchezo mdogo wa kulaumu biashara ya telefone: mu sehemu ya kwanza mchezaji analazimisha batoto wa Congo kuchimba koltan chini ya bunduki. Apple iliuondoa mu duka lake mu siku chache. Lengo lake lilikuwa kusema ukweli kwa wanunuzi, na tunaliheshimu. Lakini mule hakuna Mcongo mwenye jina, wala mwenye neno la kusema.

Waafrika wengine wamekwisha kuanza. Mu Yaoundé, Kamerun, sosiete ya Kiro'o ya Olivier Madiba ilitoa Aurion mu 2016, mchezo wa mapigano wenye wafalme na desturi za Kiafrika. Kwa mchezo wa maneno na kuchagua, haihitaji hata sosiete. Kuna kifaa cha bure, Twine, toka 2009, ambacho mwanafunzi wa sekondari anaweza kukitumia bila kujua kuandika programu.

Wazeni mchezo wa Kolwezi. Kijana anatoka mu shimo ya Kasulo na mifuko mitatu. Batri ya toshi imebakia kidogo. Ku depo ya kwanza Metorex inasoma asilimia ndogo kuliko vile macho yake yanaona. Auzishe hapa, ao alipe motokari mpaka Musompo? Amuambie mwenye shimo ukweli juu ya mfuko wa tatu? Alale, ao arudi chini usiku kabla mvua haijanyesha? Kila moja ya hayo maulizo iko na uzito kuliko upanga wa mfalme. Na aliyeyajibu kwa mwili wake njo angefaa kuyaandika.

Tukirudi ku bishano la mwanzo, jibu letu ni hili. Lipa kipande kilicho mu mkono, usilipe kilicho mu kinywa. Kama mtengenezaji amekwisha kuonyesha uaminifu, sawa wale wa Kentucky, mngojee na umheshimu, maana kazi nzuri inachukua siku. Akifunga mlango katikati, dai haki yako, lakini mbele ya kupiga kelele ya mnunuzi, uliza watumishi walilipwa nini. Sisi watu wa migodi, tukisahau swali hilo, nani mwingine atalikumbuka?